Wazee wawili, kiwashio kimoja cha babula, na mke wangu katikati

Wakuu, amani kwenu nyote.

Mimi ni wa Goma. Miaka yote nimekuwa msomaji tu hapa jukwaani, nakula nyuzi za watu bila kuchangia hata nukta. Leo zamu yangu.

Nitakayosimulia yametokea nyumbani kwangu. Sijaongeza kitu, kwa sababu wahusika wote wako hai, wana simu, na mmoja wao ni muzee anayekaripia mutu kwa meseji za sauti ndefu kuliko misa ya Pasaka.

Kiswahili changu ni cha huku kwetu. Nitajitahidi kuandika sanifu ila "mutu" na "muzee", "njo" (ndiyo) na "batu" (watu) zitaniponyoka, mutanivumilia. Na yale mambo mengine ya mji wetu munayoyasikia kwenye redio sitayagusa. Huu ni uzi wa moto wa kupikia.

Twende.

Kazi yangu ni kuchora. Nina meza katika biro, yaani ofisi, ndogo pale Himbi, nachora plani za nyumba kwa kompyuta. Programu ninayotumia inachora kitu chochote: nyumba, kiti, parafujo. Unakichora kipande kwa kipande, unakizungusha kwenye skrini ukione pande zote, kisha unakitoa kwenye karatasi pamoja na vipimo vyake.

Mke wangu Neema nilimfundisha mwenyewe, wakati ana mimba ya Espoir, mutoto wetu wa kwanza, na amechoka kukaa bure. Alishika haraka sana. Kumbukeni hilo.

Sasa wazee.

Baba yangu, Papa Anselme, ni mutu wa upande wa Bukavu. Alifundisha kemia sekondari mpaka akastaafu, na sasa anaishi na mama nyuma, ndani ya parcelle yetu, yaani kiwanja chetu, hapa Keshero. Ni muzee wa shati lililopigwa pasi hata kama anakwenda kumwaga taka.

Baba mkwe wangu, Papa Mathieu, ni mutu wa milima ya Masisi. Amekuwa na ng'ombe maisha yake yote. Siku hizi anakaa Kibumba, analima kabichi, ana ng'ombe wachache, na mikono yake inaweza kutengeneza chochote chenye chuma na spring.

Wazee hawa wawili hawakuwa wanasemezana tangu harusi yetu.

Sababu? Ng'ombe. Baba yangu, mwalimu wa kemia ambaye hajawahi kushika kamba ya ng'ombe, alikwenda mwenyewe kuchagua ng'ombe wa mahari. Walipofika, Papa Mathieu akamzunguka mmoja taratibu, akamshika sikio, akamfungua mdomo, halafu akauliza mbele ya ukoo wote:

"Sasa hii iko ng'ombe, ao iko mbuzi yenye iligonjwa?"

Watu walicheka mpaka mama mmoja akamwaga kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwenye nguo yake mpya. Wakuu, hata mimi bwana harusi nilicheka. Baba hakucheka. Tangu siku ile, kwake Papa Mathieu akawa "yule mutu wa ng'ombe." Na kwa Papa Mathieu, baba akawa "mwalimu wa mbuzi."

Mtoto wetu wa pili alikuwa anakua bila ubatizo kwa sababu hiyo hiyo. Kila babu alisema yuko tayari kuja kanisani, ila mwenzake asiwepo. Neema alikuwa analia kimyakimya juu ya jambo hilo. Mimi nilikuwa najifanya sioni, kama wanaume wengi humu.

Sasa tuje kwenye moto.

Sisi huku tunapikia makala, yaani makaa, kwenye babula, lile jiko la bati. Shida ya makala ni kuyawasha. Watu wanatumia mifuko ya plastiki, vipande vya mshumaa, wengine petroli. Halafu unainama, unapuliza, moshi wote unaumeza wewe.

Mama yangu alianza kukohoa. Daktari akamwambia waziwazi: mama, kifua chako hakitaki tena kupuliza moto.

Baba alikuwepo. Alirudi nyumbani, akavua koti, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kusaga mawe.

Nilidhani amepata wazimu. Alikuwa anasaga yale mawe ya kijivu ya mashine ya kunolea mapanga, yaliyokwisha kutumika. Unga wake akauchanganya na udongo wa mfinyanzi na vumbi la makala, akafinyanga vijiti kama kalamu, akavichoma kwenye tanuru alilojijengea kwa mawe ya volkano. Alichokuwa anatafuta ni udongo unaopitisha umeme. Udongo wa kawaida haupitishi, munajua. Lakini ukiuchanganya vizuri na vitu hivyo unapitisha kwa taabu, na kwa sababu ya hiyo taabu unapata moto mpaka unakuwa mwekundu. Unakichomeka kijiti ndani ya makala, unakiunga na betri ya sola, unasubiri kidogo, makala yanashika. Hupulizi chochote.

Siku kijiti cha kwanza kilipowaka, baba alitoka mbio kuniita, shati limejaa masizi. Sijawahi kumuona hivyo.

Lakini kulikuwa na tatizo. Waya za kuleta umeme alizifunga kwenye miisho ya kijiti, na joto lilikuwa linazilegeza na kuzichoma. Kila akitengeneza, siku mbili tatu, pap, imekufa.

Akaniletea kazi ofisini: "Unichoree hii kitu vizuri. Nitaomba brevet."

Brevet ndiyo hataza, ile karatasi ya serikali inayosema kitu hiki kimebuniwa na fulani, mwingine asikiige bila ruhusa yake.

"Na usimwambie yule mutu wa ng'ombe," akaongeza.

Mimi sikumwambia. Neema ndiye aliyemwambia baba yake, siku alipokwenda Kibumba kumsalimia. Anasema ilimponyoka. Nimeishi naye vya kutosha kujua kwamba Neema haponyokwi na kitu.

Papa Mathieu akaruka: "Mwalimu wa mbuzi anatengeneza moto? Yeye? Nitamuonyesha."

Na kweli mke wake, mama yake Neema, alikuwa ameshaunguza nyusi zote mbili kwa petroli. Kwa hiyo sababu alikuwa nayo.

Yeye hakushughulika na udongo. Alichukua waya wa réchaud iliyokufa, yaani jiko la umeme, ule uliojikunja, akatengeneza mshikio wake. Wakuu, mshikio ule! Una mpini wa mti, una meno mawili ya chuma yenye spring yanayobana kama mdomo wa kuku, na hata vitu vikipanuka kwa joto bado yanabana. Tatizo lake lilikuwa waya wenyewe. Makala yakiuangukia, unakatika.

Siku moja akateremka Goma na lori la kabichi, akaja moja kwa moja mpaka Himbi, akaweka kitu mezani kwangu.

"Mukwe wangu, nichoree hii. Nataka brevet. Na usimuonyeshe baba yako."

Nifanye nini? Mmoja amenizaa, mwingine amenipa mke. Nikachora zote mbili. Faili moja nikaiita "Chapelle", yaani kanisa dogo, nyingine "Kabichi", ili hata mutu akichungulia asielewe.

Neema alichungulia. Akaelewa.

Nilimkuta nyumbani na kompyuta yangu wazi, amefungua faili zote mbili, moja kushoto, moja kulia.

"Papa Espoir," akaniita, "unaona yenye minaona?"

"Sioni kitu."

"Hii iko na moto lakini haina mikono. Hii iko na mikono lakini haina moto. Hii ni kitu moja, beko nayo kila mutu nusu."

"Neema, funga hiyo."

"Nafunga," akasema, na hakufunga.

Nikaenda kuoga. Niliporudi alikuwa amekinakili kijiti cha baba yangu na kukibandika ndani ya mshikio wa baba yake. Sasa kijiti kilikuwa chembamba, meno yalikuwa mapana, kwa hiyo kwenye skrini kijiti kinachezacheza kama jino la mutoto. Hilo lilimuudhi. Akachora kipete kidogo, kama kola ya shati, akakiweka katikati kuziba nafasi.

Kisha akatoa karatasi mbili. Michoro sawasawa kabisa, isipokuwa juu ya moja ameandika jina la Papa Anselme, na juu ya nyingine jina la Papa Mathieu.

Nikamwambia hawa wazee si wajinga, wataona.

Akanikabidhi ile ya baba.

Karatasi ya kwanza nilimpelekea baba mwenyewe. Akavaa miwani. Akatazama mshikio wenye spring, kitu ambacho hakuwahi kukiwaza hata ndotoni. Akatazama mpini. Akatazama kola.

Kisha akaitikia kwa kichwa polepole.

"Njo vile nilikuwa nakuelezea," akasema. "Ulichelewa tu kunielewa."

Wakuu!

Kule Kibumba, Neema anasema baba yake aligusa kile kijiti kwa kidole, akasema, "Ee. Nilijua waya haitafaa. Nilikuambia nataka kitu ngumu, si nilikuambia?"

"Ulisema, papa," akajibu Neema, na kumumiminia chai.

Sasa kila mmoja alikuwa na mchoro wa kitu asichoweza kukitengeneza. Baba alihitaji mshikio. Papa Mathieu alihitaji kijiti. Hapo ndipo mke wangu alipoanza biashara ya magendo.

Alimwambia baba yangu kwamba kuna fundi mmoja mbali huko, muzee asiyependa watu, anaweza kutengeneza ule mshikio. Alimwambia baba yake kwamba kuna fundi mmoja mjini, muzee asiyependa watu, anaweza kuchoma kile kijiti. Vile vikola alivifinyanga mwenyewe kwa udongo wa mfinyanzi uliobaki na mchanga wa lava, akavichomeka kwenye tanuru la baba pamoja na vijiti vyake. Baba akadhani vimo kwenye mpango wake.

Kila akienda Kibumba, anabeba vijiti na vikola ndani ya furushi la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Akirudi, anarudi na mishikio chini ya kabichi. Siku moja tulikula kabichi yenye harufu ya grisi, nikaimaliza.

Na kilifanya kazi. Hiyo ndiyo sehemu iliyonishangaza. Kijiti kilibanwa vizuri, waya hazikuungua tena, makala yakishika unakitoa, unakitundika ukutani. Mama akaacha kupuliza. Kikohozi chake kikaanza kushuka, na asubuhi nikawa nasikia anaimba nyimbo za kwaya badala ya kukohoa.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni salamu.

Kwa sababu mafundi hawawezi kukaa bila kutoa maoni. Baba akamtuma Neema: "Umwambie huyo muzee wa mishikio, spring yake ni nzuri sana. Huyo mutu ako na akili. Ila apunguze urefu wa mpini, mama inamchosha."

Papa Mathieu akajibu kwa njia hiyo hiyo: "Umwambie muzee wa vijiti, sawa, nitapunguza. Lakini naye aongeze unene kule mwisho, panavunjika. Na umwambie nasema asante. Bafundi kama yeye habako tena."

Ikawa hivyo miezi. Maulizo huku, majibu kule. Mwisho wakaanza kutumiana zawadi. Baba alimtumia "fundi asiyependa watu" kofia ya sufu kwa sababu alisikia kule kuna baridi. Papa Mathieu akatuma jibini, gurudumu zima. Baba alikuwa anakata jibini lile anasema, "Huyu mutu ningependa kumjua."

Mimi natazama Neema. Neema anatazama dari.

Sasa, wakuu, kila mchezo una siku yake.

Yakatangazwa maonyesho ya wabunifu katika ukumbi mmoja pale Himbi. Wenye vitu vipya wavilete, na atakuwepo mama mmoja avocat, yaani wakili, wote wakimwita Maître, anayesaidia watu kuandaa dosie, mafaili ya kuombea brevet. Baba akajiandikisha bila kuniuliza. Papa Mathieu naye akajiandikisha bila kuniuliza. Kila mmoja akanipigia simu kuniamuru nisimame kwenye meza yake nieleze michoro.

Nikamwambia Neema tumekwisha. Nikapendekeza mmoja wao apate homa.

"Wacha bakutane," akasema. "Minachoka kubeba samaki."

Waandaaji, Mungu awabariki, walipanga meza kwa aina ya vitu. Vya maji na maji, vya umeme na umeme. Vya moto na moto.

Kwa hiyo wakawa meza jirani.

Baba alifika wa kwanza, suti, tai, kiwashio chake juu ya kitambaa cheupe. Papa Mathieu akaingia na kofia ya sufu kichwani. Baba akaiona ile kofia. Naona akili yake inatafuta wapi ameiona, haipati. Papa Mathieu akaweka kitu chake mezani na kufunua gunia.

Vitu viwili. Sawasawa. Kama mapacha.

Halafu:

"Mwizi!" Hiyo ni baba.

"Mwizi mwenyewe!" Hiyo ni Papa Mathieu. "Umeiba ng'ombe yangu!"

Ng'ombe aliingiaje pale sijui mpaka leo.

Watu wakajaa. Mwenye meza ya pampu akaacha pampu yake ikimwaga maji. Mimi nilikuwa katikati ya meza mbili, mkono mmoja huku na mwingine kule, na wote wawili wakanigeukia kwa pamoja: "Waambie! Waambie ni ya nani!"

Maître akapita katikati ya watu. Ni mama mufupi, sauti ya chini. Hakumuuliza mutu nani ni mwizi. Akasema:

"Bapapa, mimi siwezi kupokea kitu moja kwa batu babili. Kila mumoja atafungua ya kwake hapa mbele yangu, anieleze kipande kwa kipande. Kwa nini aliweka hivi na si vile."

Baba akaanza. Akafungua, akatoa kijiti, na hapo mwalimu akatoka ndani yake. Udongo gani, unga kiasi gani, ukizidisha makala kinapasuka, ukipunguza hakiwaki. Watu wakawa wanaitikia kama darasani. Halafu akashika mshikio.

"Na hii," akasema. "Hii ni... hii inabana."

"Naona, papa. Uliitengeneza namna gani?"

Baba akaugeuza mshikio chini juu, kana kwamba maelezo yameandikwa chini yake.

Papa Mathieu akacheka kwa dharau. Zamu yake. Akaeleza spring, chuma gani, kwa nini meno yamepinda, kwa nini haushiki moto mpaka mkononi. Safi kabisa. Halafu akafika kwenye kijiti. Akakishika. Akakinusa.

"Hii ni udongo," akasema.

"Udongo wa nini, papa?"

"Ya... ya Mungu."

Ukumbi wote ulianguka kwa kicheko. Mwenye pampu alikaa chini.

Lakini wazee hawakucheka. Walikuwa wanatazamana. Baba akanyoosha mkono taratibu, akaigusa ile kofia ya sufu.

"Hii kofia ulipata wapi?"

"Nilitumiwa na fundi mumoja ya vijiti. Mutu ya maana sana."

Baba akasogea karibu. "Na jibini... yenye chumvi kidogo... gurudumu..."

"Nilimtumia yeye."

Wakuu, nimeona watu wakigombana, nimeona watu wakipatana, lakini sijawahi kuona wazee wawili wakigundua kwamba wamekuwa wakipendana miezi yote ile bila idhini yao.

"Njo wewe uliniambia nipunguze mpini?"

"Njo wewe ulisema niongeze unene?"

"Nilikuita mutu ya akili," akasema baba, na uso wake ulikuwa kama mutu aliyemeza mfupa.

"Mimi nilikuita fundi," akasema Papa Mathieu. Na yeye hakuonekana vizuri.

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu harusi, walikubaliana jambo. Waligeuka pamoja, wakanitazama mimi.

Mimi, kama mume jasiri, nikanyoosha kidole kwa Neema.

Alikuwa kwenye benchi la nyuma, mtoto mgongoni, anatafuna mukate. Akasimama.

"Ni mimi," akasema. "Papa, na wewe papa. Ni mimi. Mulikuwa munakataa kukaa kanisa moja, nikawakalisha kwenye chombo moja."

Karipio lile, wakuu, lilisikika mpaka ziwani. Papa Mathieu anaanza sentensi, baba anaimalizia. "Mutoto ya mwanamuke..." "...yenye haina haya..." "...inadanganya bazazi..." "...kwa samaki!" Walikaripia kwa zamu, kisha kwa sauti mbili, kama kwaya. Walipochoka walitoka pamoja, wakatuachia meza zote mbili tubebe sisi.

Jioni hiyo tulisikia wako mahali wanakunywa kasiksi na kupanga adhabu yetu.

Wakaitisha baraza la familia. Tukahukumiwa faini ya mbuzi. Papa Mathieu akasema baba asiende kumchagua. Nikaziba masikio nikisubiri vita, lakini mabega ya baba yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho.

Mbuzi yule ndiye tuliyemla kwenye ubatizo. Mababu wote wawili walikaa benchi la mbele, na wakati padri anahubiri walikuwa wananong'onezana juu ya betri.

Ningeweza kumalizia hapo. Lakini kuna kipande kimebaki, na ndicho kilichonifanya niandike.

Maître alichukua kitu kile kimoja, akaandaa dosie moja. Akatafuta kwanza kama duniani kuna mutu ameshakibuni. Baadaye akatuita sote. Tukaenda, wazee wamevaa vizuri, wameshaanza kubishana jina la nani litangulie.

Akasema: "Nina habari mbaya. Udongo wenye kupitisha umeme, wenzenu ng'ambo wana brevet zake tele, wanawashia nao majiko ya gesi na injini. Vishikio vya spring, vilevile."

Baba akashusha macho. Papa Mathieu akamshika bega. Niliona kwa macho yangu.

"Lakini kuna kitu sijakiona popote," akaendelea Maître. Akatoa kile kikola. "Hii. Joto la kijiti halifiki kwenye chuma kwa sababu ya hii. Bila hii spring ingelainika, waya zingeungua. Kama kuna ubunifu hapa, uko hapa. Nani aliiweka?"

Baba akamtazama Papa Mathieu. "Si wewe?"

"Mimi? Nilifikiri ni wewe."

Wakanigeukia. Nikatikisa kichwa.

"Ni mimi," akasema Neema. "Kijiti ya papa ilikuwa inachezacheza ndani ya mshikio ya papa. Kwenye skrini ilikuwa mbaya. Nikajaza."

"Ulijua kama itazuia joto?" akauliza Maître.

"Hapana. Nilitaka tu isicheze."

"Na mchanga wa lava?"

"Udongo ilikuwa kidogo. Mchanga iko kila mahali."

Maître akaweka kalamu chini, akacheka bila sauti. Kisha akaandika. Jina la mbunifu wa kwanza: Neema. Wazee wakafuata chini yake, kwa herufi za alfabeti, ili wasigombane.

Hakuna aliyepinga. Nje, baba alimwambia Papa Mathieu, "Huyu binti yako." Papa Mathieu akajibu, "Muke ya mutoto yako." Kila mmoja alikuwa anamsukumia mwenzake lawama, na kila mmoja anajaribu kujipa sifa. Mimi nilitembea nyuma yao na mtoto mgongoni.

Brevet yenyewe bado. Dosie imepelekwa, tunasubiri. Inaweza kuja, inaweza isije. Mama hakohoi kama zamani, mimi hilo linanitosha.

Nilichojifunza, wakuu? Kwamba watu wawili wanaweza kuwa wamekasirikiana kweli, na wakati huohuo kila mmoja ndiye mutu pekee anayeweza kumwelewa mwenzake. Inabidi tu wasijue. Na kwamba kama mke wako anajua kutumia kompyuta, usiende kuoga na kuiacha wazi.

Sasa naomba mawazo yenu, na hapa sifanyi mzaha. Tangu wiki iliyopita Neema anachora kitu kipya. Ameifunga ile faili kwa neno la siri. Wazee wote wawili wananipigia simu kila siku, kila mmoja kwa wakati wake, wakinihoji ni nini, na kila mmoja anasema nisimwambie mwenzake. Nimejaribu tarehe ya harusi, nimejaribu majina ya watoto, nimejaribu hata "mbuzi".

Mwenye kujua namna ya kufungua aseme. Na mwenye mke wa hivi naye aseme anaishije.